RAM imeingia kwenye sloti, lakini mashine inalia

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Urambo. Nyumbani nina kompyuta ya mezani, HP Compaq Pro 6300 ile nyembamba, prosesa Core i5-3470, Windows 10. Ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4: vipande viwili vya GB 2. Naandalia mitihani, najazia matokeo kwenye Excel, na watoto wanasomea humo humo. Siku hizi nikifungua Excel na kivinjari kwa pamoja inakwama. Mdogo wangu wa Dar akaninunulia vipande viwili vya GB 8, DDR3, kwa bei nzuri sana, vikaja kwa basi. Vimeingia kwenye sloti bila shida, lakini kioo hakiwaki: mashine inalia mara tano na taa nyekundu inameta. Nikirudisha vya zamani inawaka vizuri. Stika ya vipande vipya imeandikwa 8GB 2Rx4 PC3-10600R-9. Muuzaji anasema RAM zake ni nzima, mashine yangu ndiyo mbovu. Kwenye ukurasa wa mfumo nasoma RAM iliyowekwa ni GB 4, inayotumika ni GB 3.41. Nani mkweli, na ninunue RAM gani?

JIBU: Salama kabisa, Mwalimu, na pole kwa usumbufu.

Hapa hakuna kibovu. RAM ulizoletewa huenda ni nzima kama muuzaji anavyosema, na mashine yako nayo ni nzima. Haziendani tu, na sababu imeandikwa wazi kwenye ile stika uliyoninakilia. Angalau umenakili yote; wengi huniandikia "ni GB 8 DDR3" basi, halafu wanataka nijue tatizo. Lakini kuna jambo jingine ndani ya barua yako ambalo hukuliuliza, nalo lingekukwamisha hata kama ungeletewa RAM sahihi: hiyo 3.41. Nitaifikia.

Kwanza kilio. Kwenye HP za ofisi za kizazi hicho, taa nyekundu ikimeta mara tano, ikatulia kidogo, ikaanza tena, huku spika ikilia mara tano, mashine inakuambia imekagua kumbukumbu kabla ya kuwasha kioo na haikupata ya kufanyia kazi. Ingekuwa bodi yenyewe imekufa, isingewaka hata kwa vipande vya zamani. Kwa hiyo hoja ya muuzaji kwamba mashine ni mbovu umeshaijibu mwenyewe uliporudisha RAM za mwanzo.

Sasa tuisome stika. "8GB" ni ukubwa, hapo hakuna fumbo. "2Rx4" ni mpangilio wa chipu: safu mbili, na kila chipu inatoa biti 4 kwa wakati mmoja. "PC3" ni DDR3, yaani kizazi cha tatu cha RAM za aina ya DDR. "10600" ni kasi ya kupitisha data, takriban megabaiti 10,600 kwa sekunde, ambayo ni ile ile inayoitwa 1333 ukizidisha kwa 8. Tisa ya mwisho ni muda wa kusubiri, na haina madhara kwako. Kilichokuangusha ni ile herufi moja baada ya 10600, yaani R, pamoja na x4.

R inaonyesha RAM ya seva, ile kompyuta kubwa inayohudumia kompyuta nyingine nyingi. Prosesa ya i5 yako ina ndani yake kidhibiti cha kumbukumbu kinachotuma amri moja kwa moja kwenye chipu za RAM. RAM ya seva haipokei amri namna hiyo. Katikati yake kuna chipu ya ziada ambayo amri zote hupitia kwanza, kama karani wa mapokezi anayepokea barua zote za ofisi na kuzigawa ndani. Seva inamhitaji karani huyo kwa sababu inabeba vipande vingi sana vya RAM, na kidhibiti kikizungumza na kila chipu peke yake kitaelemewa. Mashine ya nyumbani haimjui. Inatuma amri, haipati jibu inalolielewa, inaanza kulia.

Na x4 nayo ingetosha peke yake kuharibu shughuli. Mwongozo wa HP wa mashine za 6300 unasema bodi inakubali RAM zilizojengwa kwa chipu za x8 na x16, na kwamba za x4 haziungwi mkono. Kwa hiyo hata ungeondoa ile R, 2Rx4 bado isingekufaa.

Utauliza, mbona ziliingia? Kwa sababu umbo ni moja. RAM ya DDR3 ya mezani ina pini 240, ya seva nayo ina pini 240, na kale kapengo ka chini kako mahali pale pale. Waliotengeneza DDR5 walihamisha pengo ili ya seva isiingie kwenye mashine ya kawaida, ila kwa DDR3 na DDR4 hakuna kitu kitakachokuzuia kwa mkono. Watu wengi hudhani ikiingia imekubali. Sivyo. Pengo linatenganisha vizazi tu: DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, na ukiona unalazimisha kwa nguvu, acha mara moja.

Zigeuze hizo RAM uhesabu chipu kubwa nyeusi. Kama stika inasema kweli, utakuta 36, pande mbili, na kachipu kengine katikati. RAM ya nyumbani huwa na chipu 8 au 16, mara nyingine 4. Ukikuta 9, 18 au 36, hiyo ni ya seva au ya mashine maalumu zinazojisahihisha makosa. Watoto wako wanaweza kuhesabu hivyo dukani bila kujua chochote kuhusu kompyuta, na ningependa kila mnunuzi afanye hivyo kabla ya kutoa pesa.

Hiyo bei nzuri sana nayo ina maelezo yake, na si lazima uwe wizi. Makampuni ya nje yakibadilisha seva, RAM zake huuzwa kwa wingi, na wenye mashine za kuzipokea ni wachache, kwa hiyo GB 8 ya seva mara nyingi hukuta iko chini ya GB 8 ya mezani. Muuzaji wa jumla anaweza kuwa nazo boksi zima na hajui tofauti. Anachojua ni kwamba zimeandikwa DDR3.

Ununue ipi basi? Mashine yako inataka DDR3 ya mezani, isiyo ya seva, na kwenye stika hiyo husomeka PC3-12800U au PC3-10600U. U ndiyo herufi unayoitafuta. Ukiona S, hiyo ni ya laptopu, fupi, ya pini 204, haitaingia. Ukiona E, inafanana sana na ya U lakini ina chipu za kujisahihisha. Mwongozo wa mashine yako hauitaki, usihangaike nayo hata ukipewa kwa punguzo.

Katika ukubwa, ushauri wangu ni vipande viwili vya GB 4. Usiondoe vya zamani. Bodi ya 6300 ina sloti nne, na inakubali hadi GB 32, yaani vipande vinne vya GB 8. Ukiweka jozi ya GB 4 pamoja na jozi yako ya GB 2 utakuwa na GB 12, na kwa Excel, mitihani ya Word na kivinjari chenye kurasa kumi na kitu, GB 12 ni nyingi. Najua kuna watu watakuambia uweke 16 "ili usirudi tena". Mimi sioni sababu kwa kazi ulizonitajia. Kumbukumbu isiyotumika haiongezi kasi hata chembe, na pesa hiyo ina kazi nyingine ndani ya mashine hiyo hiyo, ambayo nitakueleza.

Ukinunua GB 4, iwe ya chipu 8 au ya chipu 16, zote zitasomwa. Kwa GB 8 hapo kuna mtego. Prosesa za kizazi cha pili hadi cha nne za Intel (i5-3470 yako ni ya kizazi cha tatu) husoma chipu za DDR3 zenye gigabiti 4 kila moja, si zaidi. GB 8 ya kawaida ya DDR3 ina chipu 16 za ukubwa huo. Zipo pia za GB 8 zenye chipu 8 tu, kila moja gigabiti 8. Ni halali kabisa, zina U, zina DDR3, na mashine yako itazikataa. Core i za kizazi cha kwanza kabisa ziko nyuma zaidi: zilitengenezwa kwa vipande visivyozidi GB 4, na kipande hicho kiwe na chipu 16. Kwa hiyo mtu mwenye i5-650 akinunua GB 8 kwa kufuata jibu hili ninalokuandikia wewe, asinilaumu.

Mtego mwingine ni RAM mpya zilizofungwa vizuri kwenye pakiti, GB 4 au GB 8 ya DDR3, kwa bei ya kutupwa, na mahali fulani kwa herufi ndogo imeandikwa ni ya AMD. Zimejengwa kwa chipu ambazo bodi za Intel haziwezi kuzipanga. Zinauzwa sana mtandaoni. Kama prosesa ni Core, ruka.

Kasi isikusumbue. i5-3470 inafikia 1600, yaani 12800. Ukichanganya 1333 na 1600, zote zitatembea kwa 1333 na hutaona tofauti kwenye karatasi ya matokeo ya kidato cha nne. Wala usilipie 1866 au 2133 za wacheza gemu zenye mabati ya rangi: prosesa yako haitazifikisha huko, na kwenye kasha jembamba kama lako bati lile linaweza kugonga kibebea diski kinachokaa juu ya sloti. Kuhusu ile 9 ya mwisho, utaona 1600 zimeandikwa 11 na kudhani ni za polepole zaidi. Ukipiga hesabu, 9 kwenye 1333 na 11 kwenye 1600 zote zinaangukia takriban nanosekunde 13 na nusu. Ni kitu kimoja.

Halafu voteji. Stika ikiandikwa PC3L badala ya PC3, ile L ni ya umeme mdogo: volti 1.35 badala ya 1.5. RAM ya PC3L inavumilia zote mbili, kwa hiyo kwako ni sawa tu. Kinyume chake ndicho chenye shida: laptopu nyingi za kizazi cha nne cha Intel zilijengwa kwa 1.35 pekee, ukiweka PC3 ya kawaida haziwaki.

Sasa ile 3.41.

Mashine yenye Windows ya biti 64 na RAM ya GB 4, picha ikitolewa na prosesa yenyewe kama yako, kwa kawaida husema inayotumika ni 3.8 na ushee. Kushuka hadi 3.41 kunanifanya niamini, bila kuiona, kwamba mliwekewa Windows ya biti 32. Mfumo wa biti 32 unaweza kuhesabu anwani za kumbukumbu mpaka GB 4 basi, na ndani ya hizo GB 4 lazima kadi ya picha na vifaa vingine vipate nafasi yao. Kinachobaki ndicho unachokiona. Windows 10 ya biti 32 inakomea GB 4, iwe ya nyumbani au ya ofisi. Yaani, Mwalimu, ungepata RAM sahihi leo, ukaweka GB 12 zote, mashine ingewaka vizuri, na Windows ingeendelea kukupa 3.41. Nina hakika ungenirudia na kuniambia RAM za pili nazo ni mbovu.

Thibitisha kabla ya kutuma hata shilingi. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya mfumo, halafu ukurasa wa mwisho unaoeleza kompyuta yako. Kuna mstari wa aina ya mfumo. Ukisoma 32-bit, nimepatia. Prosesa yako ni ya biti 64, kwa hiyo tatizo ni mfumo uliowekwa tu. Ukisoma 64-bit, basi fungua programu ya msconfig, sehemu ya kuwasha mashine, mipangilio ya juu, uangalie kama kuna mtu aliweka tiki kwenye kiwango cha juu cha kumbukumbu. Mafundi wengine huiweka wakidhani wanaongeza kasi. Iondoe.

Kutoka biti 32 kwenda 64 hakuna njia ya kupanda ngazi huku vitu vyako vikibaki mahali pake. Unaweka Windows upya kabisa. Leseni haisumbui, kwa sababu ukiweka toleo lile lile, la nyumbani kwa nyumbani au Pro kwa Pro, inajitambua yenyewe ukiunganisha intaneti. Shida ni mafaili. Matokeo ya wanafunzi yakifutika, hakuna fundi wa Tabora wala wa Dar atakayekuambia polepole nitakurudishia.

Ndiyo maana nilikuambia pesa iliyobaki ina kazi. Rudisha RAM za zamani, washa mashine, fungua Excel na kivinjari mpaka ikwame kama unavyosema, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone Task Manager. Angalia mistari miwili, wa kumbukumbu na wa diski. Nadhani utakuta kumbukumbu iko asilimia 90 na kitu, na diski iko 100. Kumbukumbu ikijaa, Windows huanza kuhifadhi ziada kwenye diski, na 6300 nyingi zilizokuja huku kutoka ofisi za Ulaya zina diski za kuzunguka, tena zilizochoka. RAM itapunguza huo mzigo, lakini kuwasha mashine na kufungua programu bado kutakuwa kwa mwendo wa diski.

Kwa hiyo, kwa kuwa Windows itawekwa upya vyovyote vile, nunua SSD, yaani diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, ya SATA ya inchi 2.5, ya GB 240 au karibu na hapo. Usinunue ile ndogo kama ubapa wa chingamu, M.2, bodi yako haina sehemu yake. Toa diski ya zamani, iweke kando bila kuigusa. Weka SSD, weka Windows ya biti 64 juu yake. Ukimaliza, rudisha diski ya zamani kama diski ya pili na unakili matokeo yako taratibu. Hakuna kilichofutwa hata kwa sekunde moja. Mtu akikuambia alete flashi na "apige Windows" juu ya diski ile ile yenye kazi za miaka yote, mkatalie kwa adabu.

Niongeze hapa kwamba Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za kizazi cha tatu. Mashine yako itaendelea kufanya kazi, ila kwa mambo ya benki na malipo ya mtandaoni ningependelea utumie kifaa chenye mfumo unaosasishwa. Ukiwa na moyo wa kujaribu, Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, inatembea vizuri sana kwenye i5 yenye GB 12. Siwezi kukulazimisha, Excel ya shule ina mambo yake.

Kuweka RAM ni kazi ya dakika chache, na hapo sitakuchosha. Chomoa waya wa umeme ukutani, si kuzima kwa kitufe tu, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Shika chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM. Miezi hii ya kiangazi hewa yetu ni kavu, ukivua sweta la nailoni unasikia linavyotatarika. Cheche hiyo hiyo, hata usiyoihisi, inaweza kuua chipu. Kama hujaifungua siku nyingi, vumbi la Urambo litakuwa limejaa kwenye sloti, litoe kwa brashi laini kavu. Meno ya dhahabu ya RAM za zamani unaweza kuyasugua kidogo kwa raba nyeupe ya penseli na kupangusa makombo. Usiyakwangue kwa wembe, nimewaona wanaofanya hivyo.

Sloti zako zina rangi mbili. Jozi ikae kwenye sloti zenye rangi moja, kwa sababu hapo kila kipande kinapata njia yake na mashine inasoma viwili kwa pamoja. Picha yako inatolewa na prosesa na inakopa kumbukumbu hiyo hiyo, kwa hiyo utaona faida yake hata kwenye video za watoto. Vya GB 2 kama tayari viko kwenye rangi moja, viache, jozi mpya iende kwenye rangi nyingine. Bonyeza pande zote mbili mpaka vibano vijifunge vyenyewe. Mara ya kwanza kuwasha, inaweza kukuandikia ujumbe wenye namba 164 kwamba kumbukumbu imebadilika. Bonyeza F1, iendelee. Ikilia tena mara tano, toa zote, weka kipande kipya kimoja peke yake kwenye sloti iliyokuwa na RAM ya zamani, kisha kingine, ujue ni kipi kinachogoma. Ikiwaka, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows na uiache ipime RAM usiku mmoja ambao umeme haukatikikatiki.

Kwa wasomaji wengine wenye mashine tofauti: namba ya kizazi cha prosesa itakupa mwelekeo, lakini haitoshi. Kizazi cha pili hadi cha nne ni DDR3. Cha sita kinachanganya, kwa mfano Dell OptiPlex 3040 na 5040 hutumia DDR3L wakati ndugu yao 7040 anatumia DDR4. Cha saba hadi cha kumi kwa kawaida ni DDR4, na kuanzia cha kumi na mbili unaweza kukuta DDR4 au DDR5 kutegemea bodi. Vile visanduku vidogo vya kukaa nyuma ya kioo hutumia RAM ya laptopu, japo ni kompyuta za mezani. Njia ya uhakika ni kutoa kipande kilichomo ndani na kusoma stika yake, au kama hutaki kufungua, programu ya bure ya CPU-Z itakuonyesha kila sloti ina nini. Kwenye RAM za Samsung hata namba ndefu inasema: ikianza na M378 ni ya mezani, M471 ya laptopu, M393 ya seva.

Kwa mdogo wako, mtumie ujumbe huu kama ulivyo, aende nao dukani: "Nataka DDR3 ya mezani, GB 4, vipande viwili vinavyofanana, stika iandikwe PC3-12800U au PC3L-12800U, 1Rx8 au 2Rx8. Isiwe R, isiwe E, isiwe x4, isiwe ya AMD. Nipigie picha ya stika pande zote mbili kabla sijalipa." Akikosa 12800U, achukue 10600U bila wasiwasi. Muuzaji akisema picha haina haja, aende duka la pili.

Hizo za seva usizitupe. Mwambie muuzaji bila ugomvi kwamba ni nzima lakini ni za R, na wewe una mashine ya nyumbani, abadilishe aongezewe au arudishe tofauti. Akikataa, wapo wanaozihitaji: wenye seva za HP ProLiant DL380 G7, au mashine za kazi nzito kama HP Z620. Zikirudi Dar kwa basi, zifunge kwenye ule mfuko wa kijivu unaong'aa zilimokuja, si kwenye nailoni ya dukani, na uziweke kati ya vipande viwili vya boksi gumu, maana huko chini kwenye buti mizigo inapangwa bila kuangalia kilichoandikwa.